Mkalimani, Mahakama ya Barka

Nimeapa. Mkono juu ya msahafu, mbele ya karani mwenye mafua,
kwamba nitatafsiri bila kuzidisha, bila kupunguza.
Kiswahili changu ni cha jikoni kwa bibi,
aliyerudi Omani na Wete yake mdomoni
asiiteme mpaka tulipomzika Rustaki.
Hicho ndicho mahakama inachonilipia kwa saa.

Mdai: Mwanatumu Nyawa, wa Msambweni.
Kazi: dobi, pasi ya mvuke,
kanzu mia mbili kwa siku, kola kwanza, mikono baadaye.
Siku ya tukio: Jumatano, kabla ya adhuhuri.
Kifuniko kilishuka bila kuamriwa.

Hakimu ni mtu mpole, nisimsingizie.
Aliagiza maji, akamngoja anywe kwa mkono wa kushoto.
Kisha akafungua jedwali.

Kidole kina bei yake.
Pingili ni theluthi ya kidole,
isipokuwa gumba, lenye pingili mbili: nusu kwa nusu.
Ngozi iliyoungua hupimwa kwa upana.
Nikatafsiri. Hesabu haina lahaja.

Fungu la mwisho: maumivu.
"Mwambie aeleze. Lakini mwambie pia
fungu hili lina dari,
na dari haiinuki kwa maelezo."

Akaeleza.
Kwamba mchana mkono unawanga.
Usiku unapwita, kama moyo umehamia kiganjani.
Kiyoyozi kikiupiga, unachonyota.
Chini ya kovu kunafukuta, moto usiojua kwamba umezimwa.
Akijisahau akashika kitasa, unatoneka, na siku imeanza upya.
Na lile gumba, lile lisilokuwepo, linamuwasha.
Anataka kulikuna. Anakuna hewa.

Nikamgeukia hakimu. Nikafungua kinywa.

*Alamu*, nikasema. *Alamu* kali.

Karani akaandika, akapenga kamasi.

Bibi angenizaba kofi.

"Ndiyo hayo tu?" Mwanatumu akaninong'oneza.
"Mbona mie nimesema mengi?"
Hilo nalo lilikuwa la kutafsiriwa.

Wakili wa kampuni akasimama.
Pasipo dari, alisema, kila chozi litakuja na ankara,
madobi yatafunga milango,
na akina Mwanatumu wengine watakosa hata hiyo pasi.
Hayo niliyatafsiri nukta kwa nukta. Yalikuwa mepesi,
yamenyooka, kila neno lilikuta mwenzake akimngoja.
Kichwa changu kikakubali. Tumbo likagoma.

Mwanatumu akafikiri kidogo.
"Muulize, hiyo dari ni ya nyumba ya nani?
Maana mie niko nje."

Nikauliza. Wallahi, hilo niliuliza.
Hakimu akavua miwani, akaifuta kwa pembe ya kanzu,
na mkunjo wa mkono wake ulikuwa umenyooka kama rula.
Nikamwona Mwanatumu anautazama ule mkunjo,
siyo kwa chuki. Kama fundi anavyotazama kazi.

"Sheria," akasema hakimu, taratibu, "ndiyo ilivyo."
Akavaa miwani.

Vidole viwili, ngozi, gumba. Na maumivu, yaliyofika darini yakasimama.
Karani akasukuma karatasi na kidau cha wino.
"Gumba la kulia. Hapa."

Hakuna aliyesema kitu.
Feni ilizunguka.
Kisha karani akawa mwekundu hadi masikioni,
akakigeuza kidau upande wa pili.

*Alamu*: ongeza irabu moja nyuma
na kwetu inakuwa alama.
Akaitia, ya kushoto, ya buluu, ikapinda kidogo.
Chini yake nami nikasaini:
nathibitisha nimetafsiri kila neno.

Njiani kurudi Sibu nilizima redio.
Chonyota. Fukuta. Toneka.
Nikayatafutia Kiarabu kwa sauti, peke yangu,
malori yakinipita kwa honi.
Kwenye mzunguko wa kwanza nikapata moja,
la pili kwenye taa nyekundu, zuri, sahihi kabisa,
hata hakimu angelisikia kwenye kiganja chake.

Saa nane na nusu.
Faili lilikwisha kufungwa.