Kokoto Mbili

Kabla ya hesabu tunalala sakafuni,
Darasa la Tatu B, Bugarika, kila mtoto
na kokoto moja juu ya kitovu.
"Ipandishe," nasema. "Ishushe. Usiisukume."

Nje wanapasua mawe. Nyundo, kimya, nyundo.
Wenzake hawasikii, wamezaliwa na mlio huo.
Bukuru husikia. Kokoto yake huanguka,
hubingirika hadi chini ya kabati,
naye huifuata, hukaa huko.

Wiki ya kwanza walimpa jina la huku, Kulwa.
Bukuru, Kulwa: pacha wa kwanza, ni yule yule.
Kisha Ng'washi akauliza, kama mtoto aulizavyo,
"Na Doto yuko wapi?"

Semina haikunifundisha jibu.
Nilibana chaki mpaka ikakatika.

Leo nyundo zimeanza mapema.
Nimelala nami, gauni vumbini,
nasikia kitu kikijiburuza: Bukuru
katoka chini ya kabati na kokoto mbili.
Moja kaiweka tumboni.
Ya pili kaiweka sakafuni, ubavuni pake,
penye nafasi ya mtu mdogo,
kaifunika kwa kiganja

akavuta pumzi,
hewa ya ziwa, yenye dagaa na moshi.

Kokoto ikapanda.
Nyundo.
Ikashuka.