Kumsindikiza Mgeni

Watu hucheka: suti kavu, Mombasa?
Maji haya si vuguvugu la kuogeshea mtoto?
Waje basi Kilindini, gati la Mbaraki,
waone mafuta yalivyotanda rangi za shingo ya njiwa,
na kinachoteremka mferejini tusikitaje.
Mpira huu haunikingi na baridi.
Unanikinga na mji.

Mbwarali alinifunza kabla sijalowa:
"Ndani ya suti, Saumu, utakaa na mgeni.
Ukishuka, maji yatakubana, yatakufinya mapaja
kama shangazi aliyekukamata ukidokoa.
Bonyeza kifuani. Kidogo.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Lakini ukipanda, mgeni hunenepa,
kila mita anataka chumba kingine.
Usingoje akuage. Msindikize."

Mlango wake uko begani, kushoto,
vali ya duara kama kifuniko cha chupa ya chai.
Fungua mpaka mwisho, inua kiwiko
kipite kichwa, kipite kila kitu,
maana hewa haina adabu wala dira.
Inajua juu tu.

Siku ile nilikuwa chini ya meli ya klinka,
mita kumi na mbili, nakwangua chaza kwenye wavu wa bomba.
Bisibisi ikaniponyoka. Nikaifuata,
kichwa chini,
na mgeni akaondoka kifuani bila hodi,
akapita kiunoni, akapita magotini,
akaingia kwenye viatu, akajifungia.

Miguu ikawa maboya.
Nikaanza kupanda visigino mbele,
kama mtoto anayetanguliza nyayo kuzaliwa,
mlango uko chini, mgeni yuko juu,
na mwili wote ukitaka kushika pumzi,
ndilo kosa lenyewe linaloua.

Pumua.
Kunja magoti mpaka kidevuni.
Piga maji kwa mikono, bingirika kama kima.
Mara ya kwanza haikukubali.
Ya pili nikapinduka. Kiwiko juu.
Nikasikia pfff begani, ndefu, ya uvivu,
pancha ya baiskeli isiyo na haraka,
kisha nikatulia: sipandi, sishuki,
tope likielea mbele ya kioo, tukitazamana.

Gatini Mbwarali alitazama saa, hakunitazama uso.
"Bisibisi iko wapi?"

Usiku mume wangu akauliza
mbona nimelala mkono juu.
Nikamwambia achomeke neti, alale.
Kiwiko sikukishusha.