Manifodi ya Hailaksi

Ya zamani imepasuka kati ya silinda ya pili na ya tatu,
ufa mwembamba kama uzi wa kushonea kanzu.
Fundi Likapa kaimulika kwa tochi ya simu, kacheka:
"Hii ilikufa siku nyingi. Mlikuwa mnaizika polepole."

Kisha, pale gerejini Chikongola,
katandika gunia, kapanga tatu.

Ya kwanza stenlesi, inang'aa kama sufuria ya bibi harusi,
mabomba manne mapana, yamepindana
kama ming'oko kabla haijachimbuliwa.
Bei yake magunia mawili ya korosho, daraja la kwanza,
na mnada wenyewe bado.

Ya pili chuma cheusi. Rahisi.
Chumvi ya Mtwara huanza kuila kwenye weldingi,
masika mawili, unatafuta nyingine.

Ya tatu imevuliwa kwenye gari lililopinduka Mingoyo:
chuma cha kusubu, nzito, tumbo moja na yangu.

Mpwa wangu Dadi macho yote kwenye ya kwanza.
"Anko, mlio!" Anaunguruma kwa mdomo, mate yanaruka.
Likapa hamtazami. Ananiuliza mimi:
"Gari lako linakimbia, au linabeba?"

Linabeba.
Salfa kupanda Newala, korosho kushuka,
gia ya pili, mguu umegota,
na nyuma yangu lori linanipigia honi za matusi.

"Basi upana huu si wako.
Moshi ukipewa ukumbi, husahau kutoka."

Nikaigonga ya tatu kwa spana. Ikaitika sauti moja, haikukwaruza.
Tukailaza uso chini juu ya kioo cha dirisha:
haikuyumba, hata karatasi ya sigara haikupita.
Gasketi mpya. Bolti mpya, hapo sikubishana.
Dadi kanuna mpaka Nanyamba.

Sasa sikiliza.
Ule ufa ulikuwa na maneno yake, tiki-tiki-tiki,
ulianza kusikika tangu kona ya mashine ya kusaga,
na Somoe alikuwa akifungua geti
kabla sijapunguza mwendo.

Usiku huu nimefika kimya.
Geti limefungwa. Taa zangu zinamulika mabati.
"Nani?"
"Mimi."
"Mimi nani? Gari la mume wangu nalijua."

Nikapiga honi kwangu mwenyewe, kama mgeni.