Madereva Wawili

Saa sita usiku, Mwananyamala, na kioo kimekataa.
Nilichofanya ni kuchomeka skrini ya pili,
ya Kariakoo, mkono wa tatu, ina ufa pembeni,
ili mteja aione kazi yake akiwa kwenye benchi.
Basi. Mengine yote ni kesi ya kusingiziwa.

Kesho saa nne ni ibada ya Bi Namsifu.
Picha iliyobaki ni moja: gauni la bluu,
geti la kiwanda cha Urafiki nyuma yake.
Mashine imemtandaza kama chapati,
mashavu yamefika kwenye hereni,
maana inakidhani kioo changu ni kile cha zamani, cha mraba,
na kwenye mipangilio haitaki kusikia kipimo kingine.

Naandika, nauliza: nani anaendesha kadi ya picha?
Wanaitika wawili.
Mmoja wa bure, aliyekuja na Linux yenyewe,
mwingine wa kampuni, niliyempakua jana kwa bando la mwisho.
Wote wameshika usukani.
Hakuna anayekubali kuwa utingo.

Nawasha upya. Giza.
Kimstari cheupe kinapepesa juu kushoto
kama karani anayesubiri utaje jina.

"Umeme upo?" anauliza Tulizo, binti wa marehemu.
Upo.
"Sasa?"
Sasa nimwambieje kwamba mama yake yumo humu,
mzima, hajapungua hata nukta,
ila wenye kumwonyesha hawajaelewana?

Namfukuza wa kampuni. Nawasha. Giza lile lile.
Kumbe ameacha faili la maagizo nyuma,
kama mpangaji aliyehama na funguo.
Nalisaka. Kibodi imefutika herufi,
Tulizo ananimulikia kwa simu.
Nalifuta.

Saa kumi kasoro, feni ya kadi inavuta pumzi
na Bi Namsifu anarudi kwa kipimo chake:
shingo ndefu, kovu juu ya nyusi.
Tulizo anamtazama sana.
"Mwishoni alivimba," anasema. "Yule mpana
ndiye niliyekuwa namwogesha."

Kidole changu kinaning'inia juu ya kitufe.

"Chapa huyu. Yule ninaye."

Nakala mia na hamsini, rangi kurasa za nje tu.
Skrini ya pili bado inaonyesha kila kitu kimelala ubavu.
Nimeiacha ilale.