Doa Kavu

Mama Nsimire, usiung'oe mharage huu.
Najua, jani lina doa. Vaa miwani yako.
Ni dogo kama kichwa cha kiberiti kilichokwisha kuwaka,
la kahawia, kavu, halina duara la manjano pembeni.
Huo si ugonjwa. Hilo ni jivu.

Ngoja nikueleze kabla umeme haujakatika tena.

Kijidudu huja na mvua ya Novemba, kutoka tuta la jirani,
akapenya katundu ambako jani hupumulia.
Kwenye ngozi ya seli kuna protini zenye mkono mmoja nje, mmoja ndani,
zinapapasa giza
zikitafuta kipande cha mkia anaoogelea nao.
Zikikigusa tu, kelele. Ukuta unanenepa,
katundu kanafungwa.

Lakini naye si mjinga. Amekuja na sindano.
Mwenyewe anabaki barazani, anatuma vijana wake,
protini zilizonyooshwa ili zipite,
zikifika ndani zinajikunja upya, zinapata sura,
zinakata waya wa kengele,
zinamwambia mlinzi: lala, ni sisi, wa humu humu.

Hapo ndipo ninapokukumbuka, Mama,
mwaka ule tuliolala na viatu.
Uliweka kikopo cha sarafu dirishani, juu ya kifuniko cha sufuria.
Pesa yenyewe ilikuwa chini ya gunia la makala.
Wezi hukuwajua, kila wiki walikuja na sura nyingine.
Kikopo ulikijua.
Kikisogea, sote nje, tunapiga mabidoni mpaka Nyamugo iamke.

Mharage nao una kikopo:
protini isiyo na kazi kubwa, imewekwa mahali pa kuibiwa,
na mwenzake amejikunja kando yake, hamtafuti mwizi,
anapapasa tu usiku kucha,
kipo, kipo, kipo,

kimeguswa.

Unaukumbuka moto wa Kadutu, uliopanda kutoka kwa washonaji?
Cishugi hakungoja maji. Alishika shoka
akaibomoa nyumba yake mwenyewe, ubao kwa ubao,
mkewe amekaa juu ya godoro njiani, analia.
Moto ulifika pale ukakosa cha kula.
Sisi wa juu tuliamka na paa zetu.
Kumjengea tulichelewa, hilo nalo tuliseme.

Basi seli iliyoguswa hufanya ya Cishugi.
Inakufa haraka, na kiu, na kijidudu ndani ya uwanja wake,
ili jani lililobaki liendelee kula jua.

Kule Kabare, maabara, nina majani mengine,
mabichi, laini, hakuna seli iliyokubali kufa,
na manjano yanatanuka kila asubuhi kama mafuta kwenye supu.

Sikuahidi kitu. Msimu mwingine
atakuja asiyegusa kikopo.
Kwa hiyo mbegu za huu usizipike,
hata wageni wakija. Zifunge kwenye kitambaa,
uzichanganye na zile nyekundu za Walungu, na zile za madoadoa,
zisifanane,
zisiwe na dirisha moja.