Mashine ya Chini ya Ngazi

Miaka ishirini na mbili nilishika ufunguo wa chumba cha seva
katika ofisi ya mji, Klaksvík, visiwa vya Faroe,
chumba chenye baridi kuliko nje, na nje ni Januari.
Mashine saba. Nilizipa majina ya shangazi zangu,
maana zilinguruma zikifanya kazi
na hazikupenda kuguswa bila sababu.
Billa, mkubwa wao, alibeba mishahara.
Akikohoa usiku simu yangu ililia,
nami nikavaa koti juu ya nguo za kulalia
nikaenda kumbadilisha feni, kama nepi.

Kisha Tróndur wa fedha akarudi kutoka semina
na neno moja mdomoni: wingu.
"Tunahamia kwenye wingu, Rannvá."
Nikatazama dirishani. Mlima haukuonekana,
kanisa halikuonekana, gari langu nusu.
Nikamwambia, Tróndur, sisi tumo tayari.

Hakucheka. Alikuwa na grafu.

Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga.
Hawakusema liko wingu la kupanga,
unalilipia kwa mwezi, kwa saa, kwa kila faili linaloshuka,
wingu lenye ghala Ayalandi, ghala lisilo na madirisha,
na mlinzi nisiyemjua jina
anayepita usiku mbele ya mishahara yetu
na tochi yake.

Shangazi zangu walitolewa mlango wa nyuma
juu ya mkokoteni wa kiwanda cha samaki.
Kijana wa kupakia akauliza, hizi zimekufa?
Nikasema, hapana.
Akazifunika turubai hata hivyo.
Sita ziliondoka. Ya saba, Sanna, kitinda mimba,
niliificha chini ya ngazi
pamoja na ndoo, fagio, na bendera iliyochanika.

Kazi yangu ikawa kusoma ankara.
Mfukoni hamna bisibisi tena, mna nywila.
Kitu kikikwama naandikia Krakow,
na Krakow inajibu kwa adabu:
asante kwa subira yako,
subira ambayo sijaitoa.

Jumanne moja ya Novemba, kabla ya saa tatu asubuhi,
nanga ya meli fulani ikaburuta sakafu ya bahari
ikakuta waya mnene kama kifundo cha mkono wa mtoto.
Waya wa pili ulikuwa kwenye matengenezo.
Wa pili huwa hivyo.

Wingu lilibaki kwao, zima, halina hata mkwaruzo.
Sisi ndio tuliokatika.

Malan akapiga simu kutoka nyumba ya wazee:
orodha ya dawa haifunguki,
wazee thelathini na mmoja, na ni saa ya vidonge.
Nikapiga magoti kati ya ndoo.
Nikamchomeka Sanna.
Akakohoa vumbi, akawaza, akawaka.

Orodha ilikuwa ya Machi.
Nikaisoma kwenye simu, jina kwa jina,
Malan akijibu: ndiyo. Ndiyo. Hiyo imeongezwa. Ndiyo.
Nilipofika Sunnvør,
viwili vya moyo, asubuhi, baada ya uji,
Malan akanyamaza.
"Huyo tulimzika Juni."

Nilijua. Nilikuwepo, viatu vyangu vilijaa maji.
Ila Sanna hakuna aliyemwambia.

Siku ya tano meli ya mafundi ikaunga waya.
Tróndur akaandika ripoti:
tukio limefungwa, hakuna data iliyopotea.
Ni kweli, hakuna.
Jana alishuka, akasimama kwenye ngazi, akatega sikio.
"Nini kinanguruma?"
"Friji," nikasema.
Akaitikia kwa kichwa kama mtu
asiyetaka kuuliza friji ya nini.

Nilipobaki peke yangu nikaifungua orodha kuisahihisha:
nikaongeza dawa mpya, nikahamisha vyumba,
nikafuta wawili waliorudi kwa watoto wao Denmark.
Nikafika kwa Sunnvør, kidole juu ya kitufe,
viwili vya moyo, baada ya uji.

Nikaenda jina linalofuata.