Mguu wa Kushoto

Viatu tulivipata mtumbani Mbale, elfu kumi na nane,
ndani ya ulimi jina la mtu wa mbali, wino umefifia.
Tulipasua soli kwa wembe, polepole,
kama mtu anayepasua samaki wa mkopo,
tukapanga vihisi, vitano kila upande,
viwili kisiginoni, kimoja kwenye tao,
viwili pale vidole vinapoiaga ardhi.
Mpira wa kuvifunika tuliukata
kwenye tyubu ya baiskeli ya mlinzi.
Hajajua bado.

Karakana ya Busitema hufungwa saa kumi na mbili.
Saa kumi na mbili kasorobo Kwemoi
huwa ameshafunga kamba, anarukaruka mlangoni.
Mimi ni Asekenye, mtoto wa tambarare za Soroti.
Nilikimbia mita mia nne hadi goti likasema basi,
na tangu siku hiyo nasikiliza magoti ya wengine
kwa waya nyembamba kuliko uzi wa fundi cherehani.

Mhadhiri alituuliza mbele ya darasa:
"Nyinyi ni wahandisi, au ni wanariadha?"
Kwemoi hakufikiri hata kidogo.
"Kisu ni makali, mwalimu,
lakini utakishika wapi kikikosa mpini?"
Darasa likacheka. Mhadhiri akaandika kitu.
Hatujui aliandika nini.

Likizo tukapanda Kapchorwa,
betri kwenye mfuko wa nailoni, kompyuta kwenye gunia la unga.
Barabara ya muramu inapinda juu ya Sipi,
migomba huku, mibuni huku, ukungu kila mahali.
Nikakaa juu ya jiwe. Yeye akakimbia.
Namba zikaja mbio kuliko yeye:
kushoto, elfu moja mia tano na sitini,
kulia, elfu moja mia nne na thelathini.
Tena. Na tena.

Tukasema ni waya. Tukalehemu upya.
Tukasema ni kihisi. Tukahamisha cha kushoto kulia.
Tukasema ni mlima, ukimbie ukishuka,
ukimbie ukipanda, ukimbie uwanjani kwa shule
ambako mbuzi wamefungwa kwenye goli.
Kushoto kulibaki kuzito.
Mashine haina haya, haina mjomba wa kumlinda.

Jioni mvua ilitusukuma jikoni kwa mama yake.
Kwemoi alitazama grafu kwa mwanga wa moto,
kilima kikubwa, kilima kidogo,
kilima kikubwa, kilima kidogo,
akanyamaza muda mrefu, kisha akanyoosha mkono wa kulia
akakunja vidole, kama ameshika kitu.
"Dumu," akasema.
Miaka tisa, kabla ya kengele ya shule,
dumu la maji mkono wa kulia,
mwili wote ukiegemea kushoto ili usianguke.
Chemchemi ilikuwa mbali. Mwili uliweka hesabu.
Nikatafuta neno la kuandika kwenye ripoti.
"Hitilafu" halikufaa.

Asubuhi Cherop, dadake, aliyezaliwa mvua ikinyesha,
alipita na dumu tupu akiimba kwa pua.
"Shindana naye," nikasema, mzaha tu.
Wakateremka hadi chemchemini,
kaka na viatu vyake vyenye akili,
binti na dumu likigonga paja, du, du, du.
Nilipowafikia nikichechemea,
binti alikuwa ameshajaza maji,
kaka ameinama, mikono magotini, anacheka bila pumzi.

Nikatoa kihisi cha akiba, nikafungua gundi.
"Njoo, nawe nikupime."
Akautua mzigo. Akainua mguu wa kushoto,
unyayo mtupu, tope jekundu kati ya vidole,
akaniangalia kama mtu anayesubiri chenji.
"Haya, fundi. Utakibandika wapi?"

Kwemoi aliacha kucheka.
Gundi ilianza kukauka kidoleni mwangu.